Gitaa Lililopimwa Upya: Mapitio ya Huduma ya Fundi Mmoja wa River Road

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kurekebisha gitaa la umeme, wala si ya kufundisha, ingawa imenisaidia kujifunza kuliko video zote nilizokesha nikizitazama. Anayeitoa ni mzee mmoja mwenye karakana ya chumba kimoja, ghorofa ya pili, katika kichochoro kilicho nyuma ya River Road jijini Nairobi, na kazi yake kubwa ni magitaa ya makanisa na ya bendi za benga. Hataki jina lake liandikwe, nami nimeheshimu hilo. Naandika kwa ajili ya mtu aliye katika hali niliyokuwa nayo mwezi wa saba tangu nianze: anayependa roki nzito, yaani metali, kwa dhati, anayefanya mazoezi kila jioni, na ambaye ameanza kuamini kwamba vidole vyake havikuumbwa kwa kazi hiyo.

Gitaa langu nililinunua likiwa limekwisha kutumika, katika duka ambalo sitalitaja, na ninakiri kwamba nililichagua kwa sura. Lilikuwa jeusi, lenye pembe mbili kali, pikapu mbili pana, yaani vinasa sauti vya nyuzi, na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, linaloelea la aina ya Floyd Rose. Muuzaji aliniambia liko tayari kupigwa, nami sikuwa na ujuzi wa kumuuliza tayari kwa kipimo gani. Daraja la namna hiyo, ambalo Floyd D. Rose alilipatia hataza huko Marekani mwaka 1979, halikufungwa moja kwa moja kwenye mbao. Limesimama juu ya misumari miwili, nyuzi zikilivuta upande mmoja na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa zikilivuta upande wa pili, na sauti hukaa sawa pale tu nguvu hizo mbili zinapolingana. Mpigaji stadi hufanya nalo maajabu. Anayeanza, ambaye bado hajui hata kubadilisha nyuzi, hupata mateso, kwa sababu akikaza uzi mmoja ile mizani husogea na nyuzi nyingine tano zote hupoteza sauti yake sahihi, na akitaka kuteremsha uzi mnene kutoka noti ya E hadi D, kama nyimbo nyingi za metali zinavyotaka, hulazimika kuanza kutuni gitaa zima upya.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokijua ni kwamba kila nilipolaza kidole kimoja juu ya nyuzi tatu nene kwenye freti ya saba, moja ya vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo, na kupiga, ilitoka sauti chungu inayoyumba, kama redio isiyoshika kituo. Nilipoegemeza ubavu wa kiganja karibu na daraja ili kuziba nyuzi, ule mlio mfupi wa kugonga ambao ndio uti wa mgongo wa metali, sauti ilipanda juu kidogo badala ya kukauka. Nikadhani nabonyeza vibaya, nikabonyeza kwa nguvu zaidi, ikazidi kuharibika. Nikaongeza distoshoni, ule mkwaruzo wa sauti wa makusudi, kwenye ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, ili nifunike uchafu, nayo ikaukuza.

Sasa naelewa kwa nini metali haisamehe jambo hili wakati muziki mwingine unaweza kulivumilia. Sauti mbili zinazounda kodi ya nguvu, yaani noti mbili zinazopigwa kwa pamoja, zina uwiano wa mbili kwa tatu: A ya hezi 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) na E ya takriban hezi 165. Zikipita katika distoshoni huchanganyika na kuzaa sauti ya tatu ambayo ni tofauti yao, hezi 55, yaani A nyingine iliyo chini zaidi, na hapo ndipo unapotoka ule unene unaotikisa kifua. Iwapo mojawapo imepotoka hata kidogo, ile sauti ya tatu nayo hupotoka na kuanza kupigana na mbili za mwanzo. Kwenye gitaa kavu usingeligundua kosa hilo upesi, lakini kwenye ampu iliyofunguliwa sawasawa ndilo jambo la kwanza sikio linalolisikia.

Aliyenielekeza kwa fundi ni mpigaji wa kanisani kwa jirani yangu. Nilipanda ngazi nikiwa na wasiwasi kwamba mzee wa benga hatakuwa na subira na mambo yangu. Alilitoa gitaa kwenye mfuko, akaliegemeza pajani, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi bila kulichomeka popote, kisha akaniuliza, "Unapiga muziki gani, kijana?"

"Metali, mzee."

"Tuni ya kawaida au mnashusha?"

Swali hilo lilinituliza. Nilimjibu kwamba nateremsha uzi wa sita hadi D, naye akaitikia kwa kichwa na kunirudishia gitaa. "Basi piga, nikuone mkono."

Nilipiga kwa dakika tatu hivi, na wala hakunikatiza. Baadaye alibonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, akainamisha kichwa kutazama mwanya uliobaki katikati ya shingo. Akachukua rula ndogo ya chuma iliyofutika nusu ya tarakimu zake, akaisimamisha kwenye freti ya kumi na mbili kupima kimo cha uzi. Milimita tatu na nusu. Akanionyesha, akaandika kwenye daftari la shule, na chini yake akapiga mstari ulioigawa karatasi pande mbili. Upande wa kushoto aliandika makosa ya gitaa, upande wa kulia makosa yangu. Kushoto yalikuwa matano: shingo iliyopinda mbele, nyuzi zilizo juu mno, nyuzi nyembamba mno kwa tuni ninayoitaka, daraja lililoinama, na sauti ya freti ya kumi na mbili isiyolingana na ya uzi mtupu, yaani usiobonyezwa. Kulia yalikuwa mawili tu: nashika piki, kile kibapa cha kupigia nyuzi, mbali na ncha yake, na mkono wangu wa kushoto hauzibi nyuzi nisizozipiga.

Karatasi hiyo ninayo hadi leo, na ndiyo sababu kubwa ya kumsifu mtu huyu. Kwa miezi saba nilikuwa nimeyachanganya mambo hayo saba na kuyabebesha vidole vyangu yote. Mwalimu wa kwenye video hawezi kukutenganishia, maana halishiki gitaa lako wala hauoni mkono wako, naye muuzaji hana haja ya kufanya hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alikaza chuma kilichopita ndani ya shingo, robo mzunguko kwa siku, akiiacha mbao itulie usiku kucha kabla ya kukaza tena. Aliondoa nyuzi zangu, ambazo uzi mnene zaidi ulikuwa na unene wa 42 kwa vipimo vya elfu ya inchi, akaweka seti ya 10 hadi 52, ambayo nyuzi zake tatu za juu ni laini na tatu za chini ni nene. Uzi wa 42 ukiteremshwa hadi D hulegea, na ukigongwa kwa nguvu sauti hupanda kabla ya kushuka mahali pake. Ule wa 52 husimama imara. Kisha akafungua mgongo wa gitaa na kulitia daraja pingu: vipande viwili vya mbao ya mvule, kimoja kila upande wa chuma kinachoning'inia ndani ya tundu, vilivyochongwa kwa patasi hadi vikabana bila kugongwa nyundo. Daraja haliendi mbele wala nyuma tena. Nimepoteza uwezo wa kuichezesha sauti kwa mkono wa chuma ulio kwenye daraja, nami siusikitikii, kwa kuwa nimepata gitaa ninaloweza kulitelemsha hadi D na kulirudisha E kwa sekunde chache, na ambalo kiganja changu kikiliegemea halipandishi sauti. Mwisho alisogeza vipande vidogo vinavyobeba nyuzi, kimoja kimoja, hadi sauti ya freti ya kumi na mbili ikalingana na ile inayotoka uzi ukiguswa tu mahali hapo hapo. Kwenye daraja la aina hii kazi hiyo huchosha, kwani kila unaposogeza lazima uulegeze uzi kwanza na kuutuni tena.

Kimo cha uzi wa sita kilitoka milimita tatu na nusu hadi chini kidogo ya mbili. Anayesoma huenda akaona ni tofauti ndogo, lakini uzi ulio juu hulazimika kunyooshwa zaidi ili ufike kwenye freti, na uzi ulionyooshwa hupanda sauti. Kumbe nilipokuwa nabonyeza kwa nguvu nikidhani narekebisha, ndivyo nilivyokuwa naharibu.

Wapo watakaosema kwamba anayeanza anapaswa kuvumilia gitaa gumu ili vidole vikomae. Siafikiani nao, na historia ya metali yenyewe haiko upande wao. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda huko Birmingham mwaka 1965, vidole vya mkono ule ule anaobonyezea nyuzi. Hakushindana na chombo. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo, na baadaye akalegeza tuni ya gitaa lake ili nyuzi zisimwumize. Ule mlio wa chini na mzito ambao dunia nzima inauiga ulikuzwa na mtu aliyelirekebisha gitaa likaufuata mkono wake.

Baada ya gitaa kuwa sawa, yalibaki yale mawili ya upande wa kulia, na hapo hakuna fundi anayeweza kukusaidia. Hata hivyo, sasa niliyasikia. Nilipunguza distoshoni hadi nusu ya nilivyozoea, nikashika piki nikiacha nje ncha ya milimita chache tu, nikawasha metronomu kwenye simu kwa mapigo 80 kwa dakika na kupiga uzi wa sita peke yake, mara mbili kwa kila pigo, mkono ukishuka tu bila kupiga wakati wa kupanda, kama James Hetfield wa Metallica anavyosifika kufanya. Nilipofika 110 mkono uliuma juu kidogo ya kifundo, na nikajifunza kuacha hapo hapo badala ya kujikaza. Kila wiki niliongeza mapigo manne au matano, na pale mlio mmoja ulipochelewa nilirudi nyuma. Mwezi wa nne wa mazoezi hayo nilikuwa 150, safi, na ule mwendo wa farasi, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, ambao Iron Maiden wameufanya alama yao, ukaanza kunitoka wenyewe. Zamani nilipokwenda kuzisikiliza bendi za hapa Nairobi kama Last Year's Tragedy na Seeds of Datura nilikuwa naitazama kasi ya vidole vyao. Siku hizi natazama jinsi wanavyonyamaza kati ya mlio na mlio, kwa kuwa nimegundua kwamba rifu, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, hukatwa na ukimya.

Huduma hii ina upungufu, na ni haki niuseme. Aliniahidi gitaa Jumatano, nikalipata Jumamosi, na kila nilipompigia simu jibu lilikuwa "shingo bado inatulia". Ilikuwa kweli, lakini angenieleza tangu mwanzo. Hatoi risiti mpaka uombe. Jambo jingine ni la metali hasa: springi za mgongoni zilikuwa zinaendelea kulia kila nilipokata mlio ghafla, kama kengele ndogo iliyo chumba cha pili. Wateja wake wa benga hawalisikii, kwa kuwa muziki wao hausimami ghafla hivyo, naye hakuwa amelishughulikia. Nililiondoa mwenyewe kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo nilichokipachika chini ya springi, na nilipomwonyesha alicheka kwa furaha na kuuliza nimekikata unene gani. Nasikia sasa huwawekea wateja wengine wa roki.

Nililipa shilingi 4,000 za kazi, nyuzi nikinunua mimi. Kwa gitaa lenye daraja la kawaida lisiloelea hutoza pungufu ya hapo. Ukienda, nenda na nyuzi mpya za unene unaoutaka, mwambie tuni yako kabla hajashika kifaa chochote, maana vipimo vyote hutegemea hiyo, na ukubali kupiga mbele yake hata kama unaona haya. Asubuhi ndiyo nzuri, kabla vijana wa makwaya hawajajaa.

Wakati wa Idi nilikwenda nalo nyumbani Mombasa, likakaa siku kumi katika joto na unyevu wa pwani, na niliporudi Nairobi nyuzi zilikuwa zimeanza kukwaruza kwenye freti za mwanzo. Nilipanda tena zile ngazi. Mzee alifungua daftari, akatafuta ukurasa wangu, akasimamisha ile rula iliyofutika, akageuza chuma cha shingo kiasi kidogo ambacho sikukiona kwa macho, na kuniambia nilipige. Mkwaruzo ulikuwa umekwisha. Hakunitoza kitu, ila aliandika kipimo kipya chini ya kile cha zamani, na pembeni akaongeza neno "Pwani".