Vijana wa Iringa walionipimia saiti ya mnara Mufindi, nyota 4 na nusu

Mi ni mkandarasi mdogo wa misingi ya minara ya simu huku nyanda za juu kusini, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni kuchimba, kusuka nondo, kumwaga zege na kuzungusha fensi, mnara wenyewe wanakuja watu wengine kuusimamisha. Savei ya saiti kwa kawaida hainihusu kabisa, naletewa karatasi yenye koodineti naambiwa chimba hapa. Ila mwaka jana mteja alinikabidhi kazi nzima kuanzia savei, ikabidi nitafute timu mwenyewe, na hawa vijana wanne wa Iringa nilielekezwa na fundi umeme mmoja wa Mafinga. Jina lao siweki hapa maana hawajanipa ruhusa, ila naandika walichofanya ili na wewe unayetafuta saveya ujue cha kumuuliza kabla hujatoa hela.

Naomba nianze na kilichonipata zamani, ndo mtaelewa kwa nini nimefurahi hivi. Miaka ya nyuma nililetewa savei ya watu wengine, koodineti zimepangwa vizuri na picha za rangi, tukaenda tukapiga vigingi tukachimba siku nzima na nusu, mchana wa siku ya pili mwenye shamba akaja mbio anauliza nyie nani na mnafanya nini kwangu. Kumbe saveya alikuwa ameseti GPS yake kwenye Arc 1960, ule mfumo wa zile ramani za zamani za 1:50,000, afu sisi tukaziingiza kwenye kifaa kinachosoma WGS84, mfumo wa kawaida wa GPS. Kwa Tanzania hiyo tofauti inakutupa karibu mita 300, sisi ilitupeleka kaskazini mpaka ng'ambo ya kijito, shamba la mtu asiyehusika hata kidogo. Tulifukia mashimo, tukalipa mahindi ya watu, tukaomba radhi, na ile hasara ya vibarua niliibeba mimi. Mpaka leo kitu cha kwanza namuuliza saveya yeyote ni datamu gani, yani koodineti zake ziko kwenye mfumo upi, akisita tu sifanyi naye kazi.

Hawa vijana sikuwahi hata kuuliza. Kiongozi wao, dada mmoja mpole sana, alinipigia kabla hawajatoka Iringa akasema kaka koodineti zote nitakupa kwenye WGS84 kwa digrii za desimali, na UTM, zile koodineti za mita, nitaandika pembeni kanda 36 Kusini, na kila pointi tutaisoma kwa vifaa viwili tofauti. Akaongeza kwamba ukivuka longitudo 36 kuelekea Kilolo kanda inabadilika kuwa 37, kwa hiyo nisije nikachanganya na saiti yangu nyingine ya kule. Pale pale nikajua nimepata watu.

Kazi ilikuwa hivi. Mainjinia wa mtandao wanatoa pointi moja kwenye ramani pamoja na duara la kutafutia kuizunguka, la kwetu lilikuwa mita 400, na saveya anatakiwa alete viwanja vitatu ndani ya hilo duara, A, B na C, kila kimoja angalau mita 15 kwa 15, wao wachague. Watu wengi wanaenda na bodaboda wanasimama barabarani wanapiga picha tatu wanarudi. Hawa walikaa siku tatu. Kila kiwanja walipiga picha 12 za kuzunguka, moja kila digrii 30 kuanzia kaskazini, halafu wakatembea kwa miguu njia yote ya kuingilia wakiwa na futi kamba, wakipima upana wa daraja la magogo na ile kona kali ya juu, maana mnara unakuja na semi na kreni, haubebwi kichwani. Daraja waliandika wazi kabisa kwamba Fuso yenye kokoto isipite mpaka liimarishwe, na ni kweli, nilikwenda mwenyewe kuliangalia magogo mawili yameoza kwa chini.

Sasa habari ya miti, na hapa nataka niwe mrefu kidogo coz ndo sehemu iliyonigusa.

Mnara wetu unatakiwa uongee kwa dishi na mnara mwingine ulioko kilomita 18, na dishi na dishi lazima yaonane. Kwenye kompyuta njia ilionekana safi. Ila zile ramani za mwinuko wanazotumia wengi zimetoka kwenye vipimo vya rada vya SRTM, vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari mwaka 2000, na wewe kama unaijua Mufindi fikiria mwenyewe ni milingoti na mipaina mingapi imepandwa tangu mwaka 2000. Ramani haina habari na hiyo miti. Yule dada akasema hatuwezi kuamini, tunaenda katikati ya njia. Wakaenda mpaka kwenye kigongo kilichoko kama kilomita 9, wakakuta shamba la milingoti, wakapima urefu wa miti kwa klinomita, kile kifaa cha kupimia pembe, wakapata mita 18. Halafu akafanya kitu ambacho kwa miaka yangu yote tisa sijawahi kuona saveya anafanya, alimtafuta mwenye shamba akamuuliza umepanda lini na utavuna lini.

Mzee tulimkuta anapalilia. Tukamsalimia kamwene, vijana wakampa shikamoo, akasema marahaba wanangu, hii nimepanda mwaka wa sita sasa, ya nguzo, siikati leo wala kesho, naisomeshea wajukuu. Basi dada akaandika. Mlingoti wa nguzo unaweza kupita mita 30. Akanichorea chini kwenye vumbi kwa kijiti: mawimbi hayapiti kama uzi, yanahitaji nafasi iliyotuna katikati kama boga refu, kwa masafa ya gigahezi 7 na kilomita 18 nusu kipenyo cha hilo boga pale katikati ni kama mita 14, na angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yani kama mita 8 chini ya mstari, halafu dunia yenyewe imevimba karibu mita 5 pale katikati, jumlisha na mlingoti wa miaka mitano ijayo. Kiwanja A kilichopendwa na kila mtu kwa kuwa kiko karibu na barabara kingekuwa hewani miaka miwili mitatu halafu simu zianze kukatika bila mtu kujua kwa nini. Kiwanja B kinachungulia kwenye pengo pembeni ya shamba la mzee, upande wa mashamba ya chai ambayo hayarefuki. Wakapandisha droni, kibali cha droni wanacho nilikiona, mpaka usawa wa dishi wakapiga picha kuelekea ule mnara wa mbali, na kwa vile Agosti kuna moshi wa kuchoma mashamba picha haikuwa safi wakamtuma mmoja kule ng'ambo na kioo, akamulika jua, na sisi tukauona ule mmweko kwa macho yetu. Niliona raha sana wallahi.

Udongo waliupima vizuri, shimo la mita 3 kila kiwanja, C likajaa maji usiku mmoja kwa kuwa liko jirani na vinyungu, zile bustani za bondeni penye majimaji, wakakifuta hicho kiwanja. Ethi, yani jinsi udongo unavyopitisha umeme kwenda ardhini, walipima kwa vyuma vinne vilivyopangwa mstari mmoja kwa umbali sawa, wakasoma na kuandika ohm zake, na kwa radi za Mufindi hicho si kitu cha kuruka. Umbali wa laini ya TANESCO upo kwenye ripoti pia.

Kingine ni kijiji. Hawakuingia shambani kabla ya kupita kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, na dada alikaa chini na akina mama wa pale akawauliza taratibu kama kuna makaburi au mti wa matambiko karibu. Kwenye B kulikuwa na makaburi mawili yasiyo na alama yoyote, nyasi tupu, wewe usingeyajua hata ungepita juu yake. Wakakisogeza kiwanja mita 25 wakapima upya chote, bila kuniomba hata shilingi ya ziada. Na wakaniambia ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa hiyo nisitegemee makubaliano ya mdomo na mwenye shamba peke yake, nisubiri halmashauri ya kijiji na muhtasari wa mkutano wenye sahihi. Nilisubiri wiki mbili na zilinisaidia, maana baadaye ndugu wa mwenye shamba alitokea Makambako akidai hakushirikishwa, muhtasari ukamjibu na yakaisha kwa amani.

Nusu nyota nimekata kwa sababu ripoti ilichelewa siku 6 na mteja alikuwa ananipigia asubuhi na jioni, na picha zilikuja nzito mno, faili moja kubwa ambalo kwa intaneti ya kule halifunguki, ikabidi nisafiri mpaka Mafinga kulishusha. Pia habari za kibali cha urefu cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na za NEMC, wale wa mazingira, waliandika kwa mistari miwili tu, nilitegemea maelezo zaidi. Nimewaambia, wamekubali.

Bei walinitoza laki 9 na nusu kwa saiti moja yenye viwanja vitatu, usafiri juu yangu. Kuna wanaofanya kwa laki 3, na tangu ile mikataba ya minara 758 ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote isainiwe Dodoma Mei 2023 kila mwenye GPS mkononi naona anajiita saveya. Chagua mwenyewe. Mi ile siku moja na nusu ya kuchimba kwa jirani ilinigharimu zaidi ya hiyo tofauti.

Kama unawahitaji wawahi kabla ya Novemba, mvua zikianza ile barabara ya juu haipitiki na hawaendi, wanasema hawawezi kusaini kitu ambacho hawajakikanyaga. Zege la B tulimwaga mwezi wa 10, nilipofika na mafundi vigingi vyao vinne vilikuwa palepale vimepakwa rangi nyekundu, nikaweka GPS yangu juu ya kile cha kwanza, ikanipa tofauti ya mita 2.