MAPIE na punje iliyochacha

Punje moja ya kahawa iliyochacha huharibu kikombe kizima, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuifundisha kompyuta izitambue kwa picha, katika ghala dogo hapa Industrial Area. Picha nilikuwa nazo 600 tu. Za punje zilizochacha, 43.

Programu ya kwanza tuliyolipia ilikuwa na jibu kwa kila kitu. Niliionyesha punje yenye wekundu kidogo, ikasema "safi" kwa asilimia 97. Mama anayechambua kahawa meza ya pili aliichukua, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa. "Hii imechacha, mwanangu." Na kweli ilikuwa imechacha.

Sasa natumia MAPIE, maktaba isiyolipiwa (yaani programu zilizokwisha kuandikwa) ya Python, lugha ya kuandikia programu, na namshauri yeyote mwenye data kidogo aijaribu. Haikulazimishi kubadilisha modeli yako, yaani programu uliyoifundisha kutambua picha. Unatenga picha ambazo modeli haijawahi kuziona, MAPIE inapima modeli inakosea kiasi gani, kisha inakupa orodha badala ya jibu moja: "safi", au "safi, iliyochacha". Ukitaka jibu sahihi liwemo mara 90 kati ya 100, hesabu za mtaalamu wa hisabati Vladimir Vovk na wenzake zinakuhakikishia hivyo, kwa wastani. Punje yenye jina moja inapangwa kwa jina hilo. Yenye majina mawili inakwenda kwa mama, naye ana pua ambayo picha haina. Kwangu hili pekee linatosha kuisifu.

Kuna siku nilitoka jasho. Nilitaka ahadi hiyo ya 90 itimie kwa kila aina peke yake, safi na iliyochacha, nikatenga picha 7 za zilizochacha. Neno "iliyochacha" likabandikwa kwenye kila punje, hata zile nzuri kabisa! Nilikaa na kalamu mpaka nikaelewa: picha za aina hiyo zikiwa chini ya 9, ahadi haiwezi kutimizwa ila kwa kuitaja aina hiyo kila mara. Nilipotenga 20, mambo yakatulia.

Tena, taa isibadilishwe. Fundi alituwekea balbu nyeupe badala ya ile ya njano, na kufikia kesho yake mama alikuwa ameokota punje mbaya kumi na moja zilizopitishwa kuwa safi. Picha nilizopimia hazikufanana tena na za kazini. Nikapiga nyingine upya, asubuhi nzima, yeye akinitajia punje moja moja nami nikiandika.