Simu za sura mpya: ipi ununue, kwa mpangilio wa ubora wa kiolesura

Dukani simu huuzwa kwa sekunde kumi. Skrini inawaka, aikoni zinadunda, kioo kinameremeta, mnunuzi anaridhika. Wiki mbili baadaye hakuna anayeutazama mmeremeto huo tena. Kinachobaki ni mambo madogo yanayorudiwa mara mia kwa siku: kushusha arifa kwa mkono mmoja, kusoma saa juani, kuwasha mtandaopepe, kuipata app iliyojificha. Orodha hii imepangwa kwa mambo hayo, yaani kiolesura (kile unachokiona na kukigusa kwenye skrini), na swali lililopewa uzito kuliko mengine yote ni moja: usichokipenda, kinazimika?

Swali hilo lina maana zaidi sasa kwa sababu mwaka 2025 karibu kila kampuni ilibadilisha sura. Samsung walianza na One UI 7, toleo la mfumo wao juu ya Android, mapema mwaka huo, kisha One UI 8. Google walileta muonekano wa Material 3 Expressive kwenye simu zao za Pixel mwezi Septemba. Mwezi huohuo Apple wakatoa iOS 26 na muonekano wao wa Liquid Glass, mabadiliko makubwa kuliko yote tangu iOS 7 ya mwaka 2013. Anayenunua leo ananunua muonekano ambao bado unarekebishwa akiwa nao mkononi.

Majaribio ya dakika kumi kabla ya kulipa

Omba simu inayofanya kazi kweli, si ile ya maonyesho inayorudia video moja. Weka picha ya nyuma yenye mwanga mwingi na vitu vingi, kwa mfano majani au umati wa watu, halafu shusha arifa juu yake. Ukijikuta unakunja uso ili usome, nyumbani hali haitakuwa bora.

Kisha ongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho na ufungue mipangilio na sehemu ya kupiga simu. Kuanzia Android 14 maandishi yanaweza kufika asilimia 200, na mfumo hukuza herufi ndogo zaidi kuliko vichwa vya habari ili ukurasa usivurugike. Tatizo huwa kwenye app za mtengenezaji mwenyewe: utaona maneno yamekatwa katikati au kitufe kimesukumwa nje ya skrini. Hata kama macho yako ni mazima, jaribio hili linaonyesha kama waliotengeneza mfumo walikuwa makini.

Tatu, ishike simu kwa mkono mmoja na ufanye kazi tatu kwa kidole gumba tu: zima Wi-Fi, jibu arifa, badilisha laini inayotumia data. Hesabu miguso. Kazi ya kila siku ikizidi miguso mitatu, itakuudhi. Vitufe vidogo navyo ni kosa: kipimo ambacho Google huwapa watengenezaji wa app ni dp 48 (dp ni kizio cha ukubwa kwenye skrini), takriban milimita 9 kwa kila upande, kwa sababu ncha ya kidole haipungui hapo.

Mwisho, fungua orodha ya app zote na uhesabu zile ambazo hukuziomba. Gusa na ushikilie kila moja. Zikitokea "Uninstall" au angalau "Disable", sawa. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, utaishi nazo hadi siku ya kuiuza simu.

1. Samsung, One UI 8

Kwa macho si nzuri kuliko zote, lakini ndiyo inayosikiliza. Wazo lake la tangu mwaka 2018 halijabadilika: nusu ya juu ya skrini ni ya kutazama, nusu ya chini ni ya kugusa. Fungua "Settings" na uvute ukurasa chini kidogo. Kichwa kinachukua nafasi ya juu na orodha inashuka hadi ilipo gumba. Kwenye simu ya inchi 6.7 hilo si pambo, ni nafuu kwa kifundo cha mkono.

Toleo la 7 lilileta ugomvi. Paneli moja iligawanywa mbili: ukitelezesha kutoka kona ya juu kulia unapata swichi, ukitelezesha kutoka sehemu nyingine ya juu unapata arifa. Kwa aliyezoea mtindo wa zamani ni kero, maana kila mara anafungua paneli asiyoitaka. Tiba yake ni fupi. Shusha paneli ya swichi, gusa alama ya penseli, ingia "Panel settings", chagua "Together". Hapo ndipo Samsung wanapochukua nafasi ya kwanza: walibadilisha mazoea ya watu na wakaacha mlango wa kurudi.

Kasoro zipo. App zinakuja mbilimbili: vivinjari viwili, maduka mawili, sehemu mbili za picha. Ukibonyeza kitufe cha pembeni kwa muda mrefu anaitika msaidizi wa akili mnemba badala ya menyu ya kuzima simu. Hilo hurekebishwa kwenye "Settings", "Advanced features", "Side button", ambapo kubonyeza kwa muda mrefu hupewa kazi ya "Power off menu".

Kwenye simu za bei ya chini usidanganywe na jina la mfumo. Galaxy A16 imeahidiwa masasisho kwa miaka sita, jambo zuri mno kwa daraja lake, ila yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea app) ya GB 4 hukwamakwama unaporuka kutoka app moja kwenda nyingine. Chukua ya GB 6 au 8. Ukiwa tayari unayo ya 4, washa "Reduce animations" ndani ya "Accessibility", "Vision enhancements". Simu haitakuwa na kasi zaidi kwa kweli, lakini hutakaa ukisubiri michezo ya aikoni iishe.

2. Google Pixel, Android 16

Hii ndiyo yenye mpangilio safi kuliko zote, na tofauti kati yake na Samsung ni ndogo. Vitufe ni vikubwa na vina maumbo yanayotofautiana, kwa hiyo jicho linakitambua kile muhimu bila kusoma. Google wanasema walifanya tafiti 46 zenye washiriki zaidi ya 18,000, na kwamba katika baadhi ya skrini watu walikiona kitufe muhimu kwa haraka hadi mara nne zaidi. Ni utafiti wa muuzaji kuhusu bidhaa yake, uupokee hivyo. Hata hivyo, ukiweka kitufe cha kutuma barua pepe cha zamani kando ya kipya, tofauti unaiona.

Jambo moja dogo linaonyesha kazi iliyofanyika. Telezesha arifa moja polepole pembeni. Zile za juu na chini yake zinavutwa kidogo kana kwamba zimenatana nayo, kisha inapojitoa simu inatetema kwa mguso mwepisi na majirani wanarudi mahali pao. Hujaambiwa kitu kwa maneno, lakini kidole kimejua arifa imeondoka.

Vigae vya Mipangilio ya Haraka sasa vinabadilishwa ukubwa: gusa penseli, kisha buruta ukingo wa kigae. Fanya tochi na hali ya ndegeni kuwa vidogo, acha Intaneti na Bluetooth vikiwa vipana. Rangi za mfumo hufuata picha ya nyuma, na mara nyingine hupiga kelele; zitulize kwa kuchagua rangi moja ndani ya "Wallpaper & style".

Kilichoishusha hadi nafasi ya pili ni ukaidi. Kisanduku cha kutafuta kilicho chini ya skrini ya mwanzo hakiondoki mpaka uweke app nyingine ya skrini ya mwanzo. Angalia pia umri: Pixel 8 na zilizofuata zina miaka saba ya masasisho tangu zilipotoka, Pixel 6 na 7 zina mitano tu.

3. iPhone, iOS 26

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayogawa watu kuliko zote. Liquid Glass inafanya vitufe na menyu kama vipande vya kioo vinavyopitisha na kupinda kilicho nyuma yake. Ugumu unaanzia hapo. Kitufe chenye rangi tuli mbunifu anaweza kukipima mapema na kuhakikisha maandishi yanaachana na mandhari yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, kipimo kinachotumika katika miongozo ya ufikivu wa wavuti. Kioo hakipimiki hivyo. Ukitembeza ukurasa, kilicho nyuma kinabadilika kila fremu, na usomekaji wa maandishi unapanda na kushuka nacho. Jina la wimbo linasomeka juu ya jalada jeusi, halafu linapotea juu ya jalada jeupe.

Apple wenyewe walilegeza. Toleo la 26.1 liliongeza chaguo kwenye "Settings", "Display & Brightness", "Liquid Glass": chagua "Tinted" na kioo kinakuwa kizito zaidi. Kisipokutosha, nenda "Accessibility", "Display & Text Size", uwashe "Reduce Transparency"; kioo kinageuka karibu ukuta. Mwendo unaozungusha kichwa unapunguzwa na "Reduce Motion" ndani ya "Accessibility", "Motion". Saa ya skrini iliyofungwa ikiwa haisomeki, bonyeza skrini hiyo kwa muda mrefu, gusa "Customize", gusa saa, badilisha kutoka "Glass" kwenda "Solid".

Vitu viwili zaidi vya kurudisha siku ya kwanza: Safari huficha vitufe vyake ndani ya nukta tatu, kwa hiyo kwenye "Settings", "Apps", "Safari" weka "Bottom" badala ya "Compact". App ya simu nayo imechanganya majina pendwa, simu zilizopigwa na ujumbe wa sauti katika ukurasa mmoja. Gusa alama ya mistari juu kulia na uchague "Classic".

Yote hayo yakishafanywa, iOS 26 ni mfumo mtulivu na wenye mpangilio. Lakini mnunuzi hapaswi kupita menyu tano ili asome skrini yake, na ndiyo maana iko ya tatu. Ukiamua iPhone, ya 17 ina kasi ya skrini ya Hz 120, yaani hadi fremu (picha) 120 kwa sekunde. Ya 16 ina Hz 60. Kwenye Hz 60 kila fremu ina takriban milisekunde 16.7, kwenye Hz 120 ni 8.3, na kioo kinachotiririka kinaionyesha tofauti hiyo kuliko muonekano wa zamani ulivyofanya.

4. Nothing OS

Nukta, weusi na weupe. Imependeza na haina takataka nyingi. Tatizo ni aikoni zisizo na rangi: ubongo huitafuta app kwa rangi kabla ya umbo, na zote zikiwa kijivu unasoma majina moja moja. Rudisha aikoni za rangi na simu inakuwa ya kawaida yenye adabu. Phone (3a) imeahidiwa matoleo matatu ya Android na miaka sita ya viraka vya usalama (masasisho ya kuziba mianya), kwa hiyo muonekano utaganda mapema kuliko usalama.

5. Xiaomi, HyperOS

Vifaa vizuri, kiolesura chenye matangazo. Zima chanzo chake kwanza: "Settings", "Fingerprints, face data, and screen lock", "Authorization & revocation", kisha "msa". Kitakuhesabia sekunde kumi kabla ya kukuruhusu kuthibitisha, na mara nyingi kinagoma jaribio la kwanza. Washa intaneti na urudie. Baada ya hapo ingia "Themes", "Downloads", "Security" na kidhibiti cha faili, uzime "Recommendations" katika kila moja. Ni robo saa ya kazi.

Lalamiko la pili, arifa zinazochelewa, halitokani na mtandao. Mfumo huua app zilizo nyuma ili kuokoa chaji. Kwa kila app ya ujumbe, fungua maelezo yake, weka "No restrictions" kwenye sehemu ya betri na uwashe "Autostart".

6. Tecno na Infinix, HiOS na XOS

Unapata skrini kubwa na betri kubwa kwa pesa kidogo, na unalipa tofauti kwa umakini wako: app zilizopandikizwa, arifa za kusukuma upakue nyingine, folda zinazopendekeza michezo. Arifa kama hiyo ikija, usiifute. Iguse na uishikilie, uizime moja kwa moja, la sivyo kesho iko palepale. Na tangazo la "GB 8 + 8" lisikuvute: ile nane ya pili ni nafasi ya hifadhi inayojifanya RAM, nayo ni ya polepole mno kuzuia kukwama.

Ukinunua ya mtumba

Muonekano mpya hauko kwenye kila simu yenye jina linalofanana. iPhone XR, XS na XS Max hazipati iOS 26. Mstari unaanzia iPhone 11 na SE ya kizazi cha pili. Galaxy S21, S21 Plus na S21 Ultra ziliishia Android 15, yaani One UI 7, ilhali S21 FE na S22 zilifika Android 16. Kwa Pixel, ya 6 ndiyo ya zamani zaidi inayoupata muonekano mpya. Mwombe muuzaji afungue ukurasa wa kuhusu simu mbele yako, usome toleo na tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa imesasishwa jana, usipime betri siku hiyo wala kesho yake, kwa kuwa mfumo bado unapanga picha na faili upya na chaji itashuka kwa kasi isiyo yake.