Nishati ya jiko la kupasha nyumba joto: ipi ununue, ipi uiache

Usianze na bei. Uliza unyevu na majivu. Maji yaliyomo hula joto kabla hayajakufikia, na majivu ndiyo yatakayoamua kama unasafisha jiko kila siku au mara moja kwa wiki. Halafu soma kitabu cha jiko lenyewe, kwani lililotengenezewa kuni halina parafujo ya kulishia, ile inayozunguka na kusukuma nishati kwenye moto, wala feni. Ukirundika peleti (vipande vidogo vya maranda yaliyoshindiliwa) humo zitakosa hewa na kufuka moshi tu.

1. Peleti za mbao. Kwa jiko la peleti hazina mpinzani. Tafuta za milimita 6, unyevu usiozidi asilimia 10 na majivu yasiyozidi asilimia 0.7, ambacho ndicho kiwango cha ENplus A1, daraja la juu la alama ya ubora wa peleti. Kilo moja hutoa kama kilowati-saa 4.8. Angalia chini ya mfuko: vumbi likiwa jingi, hujikusanya kwenye tangi, parafujo ikazunguka bila kubeba kitu, moto ukazimika usiku wa manane. Zihifadhi juu ya chaga, mbali na sakafu. Zikilowa huvimba, na zikivimbia ndani ya parafujo zitaganda kama saruji.

2. Briketi, yaani matofali ya maranda yaliyoshindiliwa, kwa jiko la kuni. Kavu kuliko kuni nyingi, ila watu huzijaza kama kuni, na hapo ndipo hukosea. Anza na mbili, uache nafasi, kwa sababu hutanuka zikiungua na zinaweza kusukuma kioo cha mlango.

3. Kokwa za zeituni. Nzuri sana zikiwa zimeoshwa na kukaushwa. Zikibaki na mafuta, utayaona masizi kwenye kioo mapema.

4. Mahindi makavu. Yanawaka vizuri, lakini majivu yake yana potasiamu na fosforasi nyingi, hivyo huyeyuka na kuganda kuwa bonge gumu linaloziba matundu ya hewa. Moto ukigeuka wa rangi ya chungwa, mvivu, na kioo kikianza kuwa cheusi, jua bonge limeshaundwa. Nunua tu kama jiko lina kikoroga na mtengenezaji ameruhusu. Unyevu usizidi asilimia 15. Wengine huchanganya nusu kwa nusu na peleti. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa, kamwe.

5. Pumba za mpunga. Hata zikiwa za bure, karibu moja ya tano ya uzito wake ni majivu, mengi yakiwa silika. Utakuwa unazoa kuliko unavyoota moto.

Mabaki ya mbao za ujenzi hayamo kwenye orodha hii. Yenye rangi au gundi hutoa moshi wa sumu, na zile za zamani zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki huacha sumu hiyo ndani ya majivu unayoyazoa asubuhi.