Newala kwa wikiendi: Shimo la Mungu, boma la Mjerumani na ndoo ya maji

Watu wa Mtwara mjini na Lindi tukisema twende kutembea tunawaza bahari tu, Mikindani, Msimbati, basi. Ukimwambia mtu wikiendi hii naenda Newala anakuuliza kwema huko, kuna msiba? Mi nilienda kutalii tu kwa hela yangu na nawaambia Newala inalipa, ila lazima ulale. Ukienda asubuhi ukataka kurudi jioni utafika ukingoni pale Shimo la Mungu saa saba mchana, jua kali, bonde lote limefifia kwa joto huoni kitu, unapiga selfi unageuza, afu unakuja kutuambia pamezidishiwa sifa.

Usafiri kwanza maana ndo unaowatisha wengi. Kutoka Mtwara unapita Nanyamba na Tandahimba. Kilomita 50 za mwanzo mpaka Mnivata ni lami, gari inateleza tu, kilichobaki ni kile kipande cha kilomita 160 cha kupitia Newala mpaka Masasi ambacho ndo kipo kwenye ujenzi, kwahiyo kuna mahali mnaenda vizuri na kuna mahali mnatupwa daivasheni mnakula vumbi mpaka nyusi zinabadilika rangi. Kipindi cha mvua kubwa fikiria mara mbili. Ukitokea Lindi pita Mnazi Mmoja, Ndanda mpaka Masasi, yote lami, afu ndo unapanda Newala kwa mwisho wa kipande hicho hicho cha ujenzi, angalau kiuno kinapona. Kaa dirishani, mikorosho huko ni mwanzo mwisho.

Sasa Shimo la Mungu lenyewe. Msitegemee pango wala kisima, ni ukingo wa uwanda wa Makonde pale mji unapoishia, upande wa kusini magharibi. Umesimama karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari afu mbele yako ardhi inakatika, chini kabisa bonde la Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji. Nendeni alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu bonde zima lilikuwa limefunikwa ukungu mweupe, vilima vya chini vimetoa vichwa tu, jua lilivyopanda ukungu ukaanza kuchanika, kwanza zikaonekana kingo za mashamba, afu moshi wa mtu anachoma majani huko chini, mwisho kabisa mchanga wa mto unang'aa. Nilikaa pale mpaka njaa ikaniondoa. Na baridi! Sisi wa Shangani, Mtwara mjini, tunaolala na feni mwaka mzima, Juni na Julai bebeni sweta la kweli, sio kijikoti cha kupigia picha. Wenye watoto washikeni mkono, ukingo ni ukingo. Ukitaka kushuka kuna njia za miguu zinateremka kuelekea bondeni, ila nenda na mwenyeji na uwe na kitambulisho mfukoni, huko chini ni mpakani ujue, na ukumbuke kila hatua unayoshuka utaipanda.

Mwenyeji mtafuteni tu hata kama hamshuki. Sisi tulipata mzee mmoja tuliyetajiwa pale sokoni, taratibu, ana fimbo yake, hana haraka na mtu. Nikamuuliza, mzee, hivi mji mkubwa namna hii mbona sijaona hata kijito? Akacheka, akanyoosha fimbo bondeni. "Maji yako kule mjukuu wangu, sie tuko huku."

Na ndo ilivyo. Juu ya uwanda hakuna mito, udongo unanyonya mvua yote inazama, inakuja kutokea huko pembeni kwenye miteremko na mabondeni, kwahiyo zamani kinamama walikuwa wanashuka huo mteremko kuchota na kuupanda tena na mtungi kichwani, kila siku ya Mungu. Utajiuliza si wangehamia tu bondeni? Bondeni ndo kulikuwa hatari, karne ya 19 kuna wafanyabiashara ya watumwa, kuna uvamizi wa Wangoni, na huku juu vichaka vilikuwa vizito mtu akijificha humpati, wakaona bora adha ya maji. Mradi wa maji wa Makonde umekuja miaka ya 1950 enzi za Mwingereza, maji yanasukumwa kwa pampu kutoka huko chini Mitema ndo yanafika kwenye ndoo yako. Baada ya kusikia hayo nilirudi tena ukingoni jioni nikawa naangalia zile njia za miguu tu, habari ya Msumbiji sikuwa nayo.

Boma la Wajerumani liko karibu na hapo hapo, kwa miguu mnafika. Limetumika kama kituo cha polisi, kwahiyo msiende simu juu kama mko Mikindani kwenye lile boma la 1895 lililogeuzwa hoteli. Pita, salimia, jieleze, ukiruhusiwa kupiga picha piga, ukikatazwa shukuru uondoke. Kwa nje ndo hivyo, kuta nene na mtindo wa zamani, dakika chache umemaliza.

Ila wapenda historia someni kabla hamjaenda, maana hutokutana na maelezo yamebandikwa ukutani. Mfano mdogo, wamisheni wa Kianglikana walianza Masasi 1876 na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, 1882 Wangoni wakaishambulia Masasi, ndo misheni ikakimbilia huku Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Afu 1906, vita ya Majimaji haijapoa hata vizuri, akaja Mjerumani mmoja Karl Weule kutoka Leipzig akakaa hapa Newala anarekodi nyimbo za watu kwa fonografu na kupiga picha za ngoma na kukusanya vitu akaondoka navyo. Yaani kuna sauti za mababu wa watu wa huku zimehifadhiwa Ujerumani na kijana wa Newala anayebofya simu hapo stendi hajawahi kuzisikia. Hilo kidogo liliniuma.

Kulala, guesti zipo za kutosha za kawaida, usitafute hoteli ya nyota. Niliyolala sitaitaja. Shuka safi, neti nzima, mlinzi mstaarabu, lakini mapokezi waliniambia maji yapo muda wote bombani na kumbe bomba linatoa mluzi tu, nikaletewa ndoo, na ya moto nikaambiwa niongezee hela. Ndoo sina shida nayo, semeni tu ukweli mapema mtu ajue. Kwahiyo uliza hilo swali kabla hujatoa hela. Na kama unaenda msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, piga simu mapema kwa sababu minada ikianza vyumba vinajaa na bei zinachangamka.

Chakula ndo nilipofurahi kuliko nilivyotegemea. Ugali wa muhogo na kisamvu kilichopikwa na korosho za kusagwa, mama ntilie wa sokoni kaniwekea na pilipili pembeni, nikaongeza. Ming'oko usiikose, vile viazi pori vyetu vya kusini, inauzwa imechemshwa kwenye mafungu. Unashika kimoja, unamenya ganda kwa kucha linatoka jembamba, unachovya kwenye chumvi na pilipili, ndani ni yabisi kidogo ina utamu wa mbali. Rafiki yangu wa Dar alionja akasema ya kawaida, baada ya dakika tano fungu lake limeisha anaangalia langu. Samaki nchanga, wale panya wa shambani, nao wapo kwa wanaojua, mi siku hiyo nilikuwa nimeshiba. Na msimu ukiwepo mtapata mabibo na uraka, ile pombe ya mabibo, uraka unapita kama juisi, dereva asiguse.

Wanaoenda kutafuta vinyago vya mpingo wasihangaike sana. Wachongaji wengi waliovipa jina vinyago vya Kimakonde walitoka ng'ambo ya Ruvuma na biashara yao ilishahamia Dar, pale Mwenge ndo utapata chaguo.

Korosho nunua zilizobanguliwa na kukaangwa, kwa kinamama, onja kwanza, zile zenye weusi mwingi zimeungua achana nazo. Mtu akikufuata pembeni anataka kukuuzia ghafi kwa bakuli eti bei poa, hiyo ni kangomba, imepigwa marufuku, ghafi inatakiwa ipite chama cha msingi iende mnadani kwa stakabadhi ghalani. Ukikutwa na gunia kwenye buti hapo barabarani utajieleza mwenyewe.