Nimeacha Helm na Company, natumia Vertico na Corfu kwenye Emacs

Emacs ni kihariri cha maandishi. Helm na Vertico ni pakeji zake za kuonyesha mapendekezo unapochagua faili au amri; Company na Corfu huonyesha mapendekezo ya kukamilisha neno unapoandika. Nilichokipenda zaidi kwenye Vertico ni kwamba haina amri zake za kufungua faili wala kubadilisha bafa (maandishi yaliyofunguliwa). Helm inakuja na helm-find-files, helm-mini na nyingine chungu nzima, tena pakeji nyingine zinahitaji kiunganishi kama helm-projectile. Vertico inatumia completing-read, njia ya kuchagua kwenye orodha ambayo imo ndani ya Emacs tayari, na kazi ya Vertico yenyewe ni kupanga mapendekezo wima tu. C-x C-f (Ctrl+x kisha Ctrl+f, ya kufungua faili) inabaki ile ile, na hitilafu ikitokea unajua pa kuanzia kutafuta.

Kabla ya kuisakinisha, ondoa helm-mode kabisa kwenye init.el (faili la mipangilio ya Emacs) pamoja na vitufe vyake. Ikibaki imewashwa, inaishika completing-read na Vertico haitaonekana, hata ukiwasha vertico-mode mara ngapi. Pakeji zote ninazozitaja hapa kuhusu Vertico zinapatikana GNU ELPA, hazina rasmi ya pakeji za Emacs. Washa na savehist-mode, la sivyo amri unazozitumia sana hazitakaa juu ya orodha ukifunga Emacs na kuifungua tena.

Orderless, pakeji ya kutafuta kwa vipande vya maneno, ndiyo inayonogesha. Ukibonyeza M-x (Alt+x, ya kuita amri kwa jina) na kuandika "buf kil", unapata kill-buffer; mpangilio wa vipande hauna shida. Kwenye completion-styles (mpangilio wa namna ya kulinganisha ulichoandika na mapendekezo) weka orderless, kisha basic. Usiiache basic, kwa sababu bila hiyo TRAMP (sehemu ya Emacs ya kufungua faili zilizo kwenye kompyuta nyingine) haikamilishi majina ya seva. Kwa upande wa faili, ongeza partial-completion, ili /u/l/b ikufikishe /usr/local/bin.

Kinachowasumbua wengi ni kuunda faili jipya. Tuseme folda ina barua-ya-benki.org nawe unataka faili liitwalo "barua". Ukiandika barua na kubonyeza Enter, linafunguka lile la zamani, maana pendekezo la kwanza limeshachaguliwa. Bonyeza M-RET (Alt+Enter), nalo jina linachukuliwa kama ulivyoliandika. Nashauri pia kufunga vertico-directory-delete-char kwenye kitufe cha kufutia: kishale kikiwa mwishoni mwa jina la folda, jina lote linafutika kwa mbonyezo mmoja.

Corfu haijitokezi yenyewe mpaka uiite. Ipe tab-always-indent thamani ya complete, na Tab itapanga mstari kwanza, kisha ikamilishe neno. Anayetaka mapendekezo yaje yenyewe awashe corfu-auto. Kwa kawaida husubiri herufi 3 na sekunde 0.2. Ukitaka kutumia Orderless humo, tenganisha vipande kwa M-SPC (Alt na kitufe cha nafasi), kwa sababu nafasi ya kawaida hufunga orodha.

Udhaifu wake uko kwenye terminali: kwa Emacs 30 na za nyuma yake, kidirisha cha Corfu hakitokei humo bila pakeji ya corfu-terminal. Anayefanya kazi kwa SSH muda wote abaki na Company. Na asiyetaka kusakinisha chochote, fido-vertical-mode, inayopanga mapendekezo wima pia, imo tangu Emacs 28, ni mstari mmoja tu.