Bonde la Dordogne au Pwani ya Bretagne?
Kwa familia inayotaka kuzunguka Ufaransa kwa gari bila haraka, uamuzi mgumu ni kati ya bonde la mto Dordogne, lililoko kusini-magharibi, na pwani ya Bretagne, iliyoko kaskazini-magharibi. Dordogne inawafaa wanaopenda kupanga nyumba moja na kutembea kutoka hapo, kwa sababu mji wa Sarlat, majabali ya La Roque-Gageac na ngome ya Beynac vimekaribiana kiasi kwamba asubuhi mtu anaweza kupiga kasia mtoni na jioni akawa amerudi kupika. Pango la Lascaux, lenye michoro ya watu wa kale, lilifungwa kwa umma mwaka 1963. Wageni huoneshwa nakala iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo, kwa maoni yangu, haiwachoshi watoto. Tatizo ni joto la Julai na Agosti.

Bretagne ina upepo na mvua za ghafla, lakini barabara zake kuu hazitozwi ushuru, na watoto hawahitaji burudani zaidi ya bahari. Huko Saint-Malo, maji ya bamvua huweza kupanda kwa zaidi ya mita 12; yakipwa, watu huvuka kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, na bwawa la Bon-Secours hubaki limejaa maji ya chumvi ufukweni. Ni lazima kusoma kwanza jedwali la kujaa na kupwa, maana njia ile hufunikwa upesi. Chakula cha huko ni galette, jamii ya chapati za maji ambazo mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe. Asiyekula nguruwe aagize ya yai na jibini.

Wenye watoto wadogo ningewashauri Bretagne, tena mwezi Juni.